SOMO KWA WAFINYANZI: NI MAONYESHO YAPI YANAYOSTAHILI SAFARI?

Wahenga walinena, "Mfinyanzi hulia gaeni." Maana yake, yeye awafanyiaye watu wote vyungu hula chakula chake katika kipande cha chungu kilichovunjika, kwa sababu vile vizima vyote amekwisha vipeleka sokoni. Kwa kawaida methali hii hutumika kumcheka fundi asiyejifaidi kwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Lakini mtu akiitazama kwa jicho la biashara ataona kwamba ndani yake mna swali. Ikiwa vizima vyote vimeuzwa, mbona mwenyewe angali anakula gaeni? Fedha zimekwenda wapi?

Somo letu la leo lahusu swali hilo, na hasa lawahusu wafinyanzi wa Kenya wanaopeleka kazi zao mbali, kwenye maonyesho ya kilimo na masoko ya mijini, badala ya kungoja siku ya soko la kwao. Kwenda mbali si vibaya. Wako waliokwenda wakafanikiwa. Lakini wako pia wengi waliorudi na fedha nyingi mkononi, wakasifiwa kijiji kizima, na baada ya mwezi mmoja hawakujua kwa nini nyumba yao haikuendelea hata hatua moja. Kosa lao halikuwa katika vyungu, wala si kwamba hawakuuza. Lilikuwa katika hesabu.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba chungu chenyewe ndicho kimchaguliacho mwenyewe soko. Tuutazame mtungi wa maji. Mtungi uliochomwa kwa moto wa wazi, wa nyasi na kuni, huwa na vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya polepole katika ukuta wake, yakafika nje, yakakauka kwa hewa. Na kule kukauka ndiko kunakoondoa joto, hata maji yaliyomo ndani yakapoa. Basi mahali penye hewa kavu, kama Nakuru au Machakos, mtungi hufanya kazi yake vizuri sana. Pwani hewa ina unyevu mwingi, jasho la mtungi halikauki upesi, na ubaridi hupungua. Mfinyanzi atakayeibeba mitungi 30 mizito mpaka Mombasa kwa kuwa amesikia kwamba kule kuna joto kali atakuwa amefikiri nusu tu ya jambo. Kule afadhali apeleke vyetezo vya kufukizia udi, na vyungu vya kupikia, ambavyo havitegemei hali ya hewa.

Vivyo hivyo na wanunuzi. Mtu aliyekuja sokoni Kibuye, katika mji wa Kisumu, siku ya Jumapili ambayo ndiyo siku kubwa ya soko lile, amekuja na kikapu na nia ya kununua. Anakijua chungu tangu utoto wake. Atakigonga kwa kidole asikilize mlio, maana chungu chenye ufa hakilii bali hukoroma, kisha atataja bei. Hahitaji maelezo. Lakini mtu aliyekuja kwenye maonyesho ya kilimo amelipa kiingilio ili aone fahali walioshinda tuzo, mashine za kukamulia maziwa, na gwaride. Ana watoto wawili mkononi na jua li kichwani. Saa tatu za asubuhi hawezi kununua mtungi wa kubeba mchana kutwa. Atasema, "Nitarudi jioni, Mama," naye husema kweli kwa moyo wake wote, lakini jioni hutokea kwa lango jingine. Ndiyo maana kwenye maonyesho vyombo vidogo huuzwa kuliko vikubwa, na kibanda kilicho karibu na njia ya kutokea ni bora kuliko kile kilicho katikati ya umati. Wengi huomba mahali penye watu wengi, nao hupata watazamaji.

Katika Nairobi liko pia soko la vitu vya sanaa lijulikanalo kwa jina la Maasai Market, ambalo limezoeleka kuhamahama mahali na mahali kwa kufuata siku za juma. Hapo mnunuzi huwa ni mgeni wa nchi za mbali, au mtu wa mjini anayepamba nyumba yake. Mgeni huyu hutazama chombo kwa macho mawili: kwanza uzuri wake, pili kama kitaingia katika sanduku lake la safari bila kuvunjika. Mwuzaji wa hapo hana budi kujua kupatana bei kwa subira na uchangamfu. Si kila mfinyanzi ana kipawa hicho. Wako mafundi hodari ambao ulimi wao ni mzito, na hao ingewafaa zaidi kumwuzia mchuuzi anayejua kusema.

Sasa tuingie katika hesabu. Katika nchi ya Wajaluo ufinyanzi tangu zamani ni kazi ya wanawake, na mara nyingi mke kijana hufundishwa kazi hiyo na mama mkwe wake baada ya kuolewa. Natumfikirie mama mmoja mfinyanzi wa upande huo, pamoja na mkaza mwanawe. Si watu fulani. Ni mfano tu, na bei tutakazozitaja ni za mfano. Kila msomaji aweke bei za kwao.

Mama huyu sokoni kwao huuza chungu cha kadiri kwa shilingi 250. Siku ya soko huchukua vyungu 20. Nauli yake na ya mzigo wake, kwenda na kurudi, ni shilingi 200, na ushuru wa soko ni shilingi 50. Akiuza vyungu 16 na kurudi na 4, amepokea shilingi 4,000. Toa gharama 250, zabaki 3,750. Gawanya kwa vile vyungu 16 vilivyomtoka: kila kimoja kimemletea shilingi 234, tukiziacha senti. Na vile 4 havikupotea. Vyangoja soko lijalo.

Mwaka huu ameamua kwenda kwenye Maonyesho ya Nairobi, yale yanayotayarishwa na Chama cha Kilimo cha Kenya, ambacho asili yake ni ya mwaka 1901, na ambayo kwa desturi hufanyika Jamhuri Park mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Kutoka Kisumu mpaka Nairobi ni mwendo wa kilomita 350 hivi. Anachukua vyombo 80, vikubwa na vidogo, ambavyo huko ataviuza kwa bei ya wastani ya shilingi 600. Tazama, bei ni zaidi ya maradufu ya ile ya kwao! Hapo ndipo moyo unapochukuliwa.

Vyombo 8 vyavunjika njiani. Katika siku zote za maonyesho auza vyombo 50, akapokea shilingi 30,000. Kodi ya kibanda ilikuwa shilingi 9,000. Nauli na malazi yake na ya mkaza mwanawe ni 7,000. Gari la mzigo 4,000. Chakula cha watu wawili 3,200. Jumla ya gharama ni shilingi 23,200, nazo zabaki 6,800. Vyombo vilivyomtoka si 50 bali ni 58, maana vile vilivyovunjika navyo vilifinyangwa, vikasuguliwa kwa kokoto laini, vikachomwa, kwa jasho lile lile. Gawanya 6,800 kwa 58: kila chombo kimeleta shilingi 117. Ni nusu kamili ya kile alichokipata kwao, tena bila kuhesabu siku nane ambazo mikono yake haikugusa udongo, na vyombo 22 vilivyobaki bila mnunuzi katika mji wa ugeni.

Wengine watasema, "Yawezekanaje mtu asiione hasara kama hiyo?" Yawezekana sana, na sababu ni hii: gharama kubwa za maonyesho hulipwa kabla ya safari, na mapato hupokelewa baadaye. Fedha zilizotoka zamani husahauliwa, zilizo mkononi huonekana. Natuwasikilize mama yule na mkaza mwanawe usiku ule waliporudi.

"Mama, nimeandika yote daftarini. Tumebakiwa na shilingi elfu sita na mia nane."

"Hesabu yako ina ila, mwanangu. Hapa kitamboni nimezihesabu mara mbili, ni elfu kumi na tisa na mia nane."

"Ni kweli, Mama, ndizo zilizomo. Lakini elfu tisa za kibanda tulizitoa katika karo ya shemeji, na elfu nne za gari tulikopa kwa jirani. Tukizirudisha hizo elfu kumi na tatu, zabaki nilizosema."

Mama akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Kumbe tulikwenda kutazama fahali wa watu."

Kama asingalikuwako mkaza mwana na daftari lake, zile 19,800 zingalitumiwa zote kama faida: bati mbili za jiko, kitenge, zawadi za ndugu, na mwezi wa Januari shule ingalidai karo ambayo imekwisha kuliwa na kibanda. Haya si maneno ya kutisha watu. Yeyote aliyewahi kuuza kitu mbali na kwao ayajua.

Hata hivyo, msomaji asikimbilie kusema kwamba maonyesho ni hasara. Hebu tuibadili hesabu ile ile kidogo. Tuseme wafinyanzi watatu wa kijiji kimoja wameshirikiana kibanda kimoja. Kodi ya kila mmoja sasa ni 3,000. Hakuna haja tena ya kila mtu kwenda na msaidizi, kwa kuwa wao wenyewe watalindiana: mmoja akienda kula, wawili wabaki. Nauli na malazi yashuka hata 3,500, chakula hata 1,600. Gari la mzigo tuliache palepale 4,000. Jumla ni 12,100. Akiuza vile vile vyombo 50, zabaki 17,900, yaani shilingi 308 kwa kila chombo kilichomtoka. Na hata kama kwa sababu ya wenzake atauza 40 tu, akapokea 24,000, zabaki 11,900 kwa vyombo 48, nazo ni shilingi 247 kila kimoja. Bado amelishinda soko la kwao, ijapokuwa si kwa mbali.

Lakini ushirika huo una sharti lake. Wote watatu wasipange mitungi inayofanana juu ya meza moja, maana watapunguziana bei wenyewe kwa wenyewe mbele ya mnunuzi, na urafiki utaishia pale pale Jamhuri Park. Mmoja na alete mitungi na vyungu, wa pili mabakuli na vikaango, wa tatu vyombo vya kupandia maua. Na bei zikubaliwe nyumbani kabla ya kupanda gari.

Iko njia nyingine ambayo wengi huidharau. Mchuuzi huja na gari lake mpaka kwa mfinyanzi, akanunua kwa jumla, tuseme kwa shilingi 180 kila chungu. Watu humwita mnyonyaji. Huenda yuko aliye hivyo, lakini tupige hesabu kabla ya kumtukana. Tofauti ya 180 na 234 ni shilingi 54. Kwa shilingi 54 hizo mchuuzi amechukua juu yake nauli, ushuru, hatari ya kuvunjika, na siku nzima ya jua. Mfinyanzi amebaki nyumbani na udongo wake. Mwenye watoto wadogo, au mwenye mgonjwa ndani, pengine bei hiyo ndiyo bora. Lililo baya ni kumwuzia mchuuzi bila kujua bei ya sokoni, kwa kuwa hapo mtu hawezi kujua kama anauza au ananyang'anywa.

Jambo la majira nalo lisisahauliwe, maana limewaponza hata mafundi wazoefu. Katika nchi nyingi za kwetu mvua kubwa hunyesha tangu Machi mpaka Mei. Chungu kibichi hukauka polepole katika siku hizo, na chungu ambacho hakikukauka barabara kikitiwa motoni, maji yaliyobaki katika udongo hugeuka mvuke kwa ghafula na kukipasua. Tena moto wa wazi hauchomwi mvuani. Basi maonyesho yatakayofanyika mwezi wa Julai, kama ya Nakuru kwa desturi yake, hudai vyombo vilivyofinyangwa katika miezi ile ya unyevu, ilhali ya Nairobi hupata vile vya Julai na Agosti. Mwenye banda zuri la kukaushia aweza yote mawili. Asiye nalo na achague moja, wala asiharakishe moto kwa kuogopa tarehe. Vyungu kumi vilivyopasuka katika tanuru ni hasara iliyokuja hata kabla ya kulipa nauli.

Kuhusu kufunga mzigo tutasema maneno machache tu. Majani makavu ya migomba na nyasi ni bora kuliko magazeti, kwa kuwa hubonyea na kurudi. Vyombo vidogo na viingie ndani ya vikubwa. Na midomo ielekezwe chini. Mwenye mzigo akae karibu na mzigo wake.

Sasa liko fungu moja la faida ambalo hesabu yetu ya juu haikulionyesha, nalo ni wateja watakaokuja baadaye. Mtu wa hoteli akipita kibandani akapenda vyombo vya maua, akaagiza 40 vya kupelekwa mwezi ujao, maonyesho yale yamezaa mtoto. Lakini agizo la mdomo si agizo. Yafaa mfinyanzi awe na daftari la majina na namba za simu, aandike kipimo kwa kamba au kwa fimbo, na aombe nusu ya bei kwanza. Zamani hilo lilikuwa gumu; tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 1907 na 100, yaani 2007, mteja aweza kulipa nusu hiyo akiwa amesimama pale pale mezani. Asiyetaka kulipa chochote pengine alikuwa akizungumza tu.

Wala si lazima macho yawe mengi. Katika nchi ya Nigeria alikuwako mfinyanzi mwanamke, Ladi Kwali, aliyefinyanga mitungi ya maji kwa desturi ya kwao na kuichora nyoka na mijusi. Baadhi ya mitungi yake iliwekwa katika nyumba ya Emir wa Abuja. Huko Mwingereza Michael Cardew, aliyekuwa ofisa wa ufinyanzi wa serikali, akaiona. Mwaka 1954 Ladi Kwali akaingia katika chuo cha ufinyanzi cha Abuja, na tangu mwaka 1958 kazi zake zikaonyeshwa London. Leo sura yake imo nyuma ya noti ya naira 20. Nyumba moja yenye wageni wanaofahamu ilimfaa kuliko masoko mia. Kwa sababu hiyo, mtungi mmoja mzuri uliowekwa katika ukumbi wa hoteli, au katika ofisi ambamo watu hungoja, waweza kufanya kazi ya kibanda bila kodi.

Hapa kwetu mfano mwingine ni Kazuri, karakana ya Karen iliyoanzishwa mwaka 1975 na Bibi Susan Wood pamoja na wanawake wawili wa Kenya, wakifanya shanga za udongo. Jina lenyewe lina hila ya kupendeza: ka- ya udogo, ambayo lugha nyingi za bara hutumia na Kiswahili sanifu hakiipokei, imetiwa mbele ya neno "zuri", na kila mtu alielewa mara moja. Udongo ule ule ambao ukiwa mtungi hauwezi kupanda ndege, ukiwa shanga huvuka bahari katika bahasha. Sisemi kwamba kila mfinyanzi aache vyungu afanye shanga. Lakini anayekusudia kuuza kwa wageni na ajiulize ni kipi katika kazi zake kinachoweza kusafiri.

Iwapo mtu amekata shauri la kwenda, asubuhi ya siku ya kwanza na ajaze maji mtungi mmoja usiku wa kuamkia siku hiyo, auweke kivulini mbele ya kibanda pamoja na kata safi, na amnyweshe kila apitaye. Maneno yote ya kusifia mtungi hayafiki hapo.

Mwisho ni vile vyombo 22 vilivyobaki. Jioni ya siku ya mwisho wachuuzi wa mjini hupita vibandani wakijua kwamba mgeni hataki kurudi na mzigo, nao hutaja bei ya kusikitisha. Mfinyanzi mwenye busara huwa amekwisha kupatana mapema, siku ya tatu au ya nne, na mwenye duka mmoja au wawili wa Nairobi, kwamba atawaachia vitakavyobaki kwa mali kauli: vikiuzwa, mwenye duka akate fungu lake na kumtumia mwenyewe linalobaki. Waandikiane idadi, bei na tarehe katika karatasi mbili, kila mmoja achukue yake. Na kabla ya kuondoka mfinyanzi avihesabu vyombo vile rafuni mbele ya mwenye duka, akigonga kimoja kimoja kwa kidole, ili wote wawili wasikie kwamba vimeachwa vizima.